Leseni Imehamishwa

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, hata jengo la ng'ambo silioni. Nilipanda studio nikiwa na furaha kidogo – wiki ya kumalizia nyimbo za Mama Phyllis. Sita tayari. Wa saba bado kurekodiwa.

Nikafungua wimbo wa kwanza. Kisanduku chekundu katikati ya skrini: leseni hii imehamishiwa kompyuta nyingine.

Nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha. Kile kile. Wimbo wa pili, wa tatu – kile kile.

Ilinichukua muda kuelewa. Ile plagini ya kanda, programu inayoipa sauti ladha ya kanda za zamani, tuliyoitia kwenye kila sauti na kila gitaa, iko kwa jina la Kioko. Imeli yake, akaunti yake. Tulipoinunua hatukuwaza itaandikwa jina la nani. Mnaishi pamoja, mnafanya kazi pamoja, nani huwaza? Sasa ameifungua kwingine.

Kwingine!

Aprili alipoondoka aliniambia amechoka na muziki. Ati masikio yamekufa. Ati anarudi Machakos kumsaidia kaka yake dukani, kuuza simiti na misumari. Alibeba begi moja. Maiki aliacha, spika aliacha, hata hedifoni zake nzuri aliziacha zikining'inia pale kwenye msumari. Hizo hedifoni ndizo zilizonifanya nimwamini.

Duka la simiti halihitaji plagini ya kanda.

Kwa hivyo hakuchoka na muziki.

Nilisikiliza wimbo mmoja bila kanda, hivyo hivyo. Kila kitu kiko wazi, kila s inachoma sikio, gitaa linagonga kama kijiko kwenye sufuria. Nikazima. Nimekunywa chai mara mbili, sikula.


Jumanne, 5 Novemba

Nimemwandikia. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe: "Naona umehamisha leseni. Hongera kwa studio mpya."

Tiki mbili za buluu muda mfupi tu baadaye.

Hakuna jibu. Afadhali angekuwa hana bando.


Jumatano, 6 Novemba

Kazi ni kazi.

Shida iko hivi: hizo nyimbo sita hatukuwahi kuzitoa kama faili kamili za mwisho. Kioko kila mara – bado kidogo, Khavere, bado kidogo. Nilicho nacho ni nakala ndogo nilizomtumia Mama Phyllis kwa WhatsApp, asikilize akiwa shambani. Hizo anazipenda. Aliniambia anataka vile vile, nisiongeze kitu, nisipunguze. Na hizo zina kanda.

Siwezi kumwambia angoje. Ana rovu shingoni, limekua mpaka anafungia leso mbele za watu. Atapasuliwa Januari. Daktari alimwambia mshipa wa sauti unapita hapo hapo – huenda sauti ikabaki, huenda ikabadilika. Alinieleza hayo kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Mjane wa Kangema, miaka sitini na kitu, amechuma majani chai maisha yake yote na kutunga nyimbo humo humo kwenye mistari ya chai. Hajawahi kuzirekodi. Watoto wake wamechanga ndiyo akaja kwetu.

Kwetu. Kwangu.

Kwa hivyo leo nimekaa na bei. Ile ya kijivu – yetu, yaani yake – dola mia mbili arobaini na tisa. Ukigeuza ni zaidi ya elfu thelathini na mbili, na kodi bado. Mbali! Ile ya buluu haiuzwi kabisa. Unaikodi, dola kumi na tano kila mwezi, na mwezi ukiacha kulipa inajifunga, nyimbo zako zinabaki uchi. Hiyo nimeshaonja wiki hii, asante. Kuna ya reeli mbili, picha yake ina reeli mbili, magurudumu ya kanda, zinazozunguka, nzuri kutazama. Wameikata kutoka mia moja arobaini na tisa hadi ishirini na tisa! Chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Fanya haraka! Zimebaki saa chache! Moyo ulinidunda kama mjinga.

Halafu kuna ya bure. Jamaa mmoja ameitengeneza peke yake, hana picha, ana vitufe vitano tu. Ameandika chini: ukiipenda, niandikie.

Zote zinaruhusu majaribio. Kesho nizipakue. Bando la leo limeisha.


Ijumaa, 8 Novemba

Ile saa imeanza upya. Kumbe ni saa ya kuzunguka tu, kama reeli zake. Bei ni ile ile ishirini na tisa. Nimejicheka.

Jioni hizi mbili nimekuwa nikitazama video za watu wanaolinganisha plagini. Kuna mmoja mwenye ndevu, anaongea polepole, anasema hii ina joto, hii ina ukungu, hii inakula besi. Chini yake watu wanatukanana kwa ajili ya kanda! Siwezi kusema najifunza mengi. Ila naweka simu juu ya kabati la vyombo nikipika, na kunakuwa na sauti ya mtu nyumbani. Leo alipomaliza, akasema tuonane tena, nikajikuta nimeitikia haya.

Nimepika ugali wa watu wawili tena. Mkono haujui.

Lakini la leo ni hili. Nimewasha majaribio ya ile ya kijivu kwa imeli yangu mwenyewe. Wiki mbili za bure, ila ni kusikiliza tu, hairuhusu kutoa faili. Nyimbo zikafunguka – na vitufe vyote viko pale pale alipoviacha Kioko.

Nilikuwa sijawahi kuviangalia kwa makini. Kanda ilikuwa upande wake, mimi nilikuwa na sauti na maiki. Nimepita kimoja kimoja. Kwenye sauti ya Mama Phyllis hakugusa karibu kitu, ameiwekea joto kidogo tu, kama mtu anayemfunika mtoto. Kwenye gitaa, kawaida. Nikafika kwenye sauti yake mwenyewe, ile sauti nene anayoimba chini ya Mama Phyllis kwenye nyimbo zote sita.

Kitufe cha kuyumba kimepita nusu!

Kanda mbovu huyumba, sauti inapanda na kushuka kidogo, na sikio linasamehe. Nikakizima. Maskini – anaimba chini ya noti. Kila mstari. Miaka hii yote nilimwambia ana sauti ya kuaminika, naye alikuwa akinyamaza, akijificha nyuma ya kanda.

Nilicheka mpaka machozi. Nikageuza kiti nimwambie mtu.

Kiti chake kina nguo za kufua.


Jumapili, 10 Novemba

Mji umelala. Sikwenda kanisani. Mlima ulijitokeza asubuhi, mweupe juu, halafu ukajifunika tena kama umeona hakuna cha kuangalia.

Nimejaribu kulinganisha. Masikio ni vitu vya kudanganyika. Kitu kikiongeza kelele kidogo tu, unasema ndicho kizuri, ndiyo maana kila plagini ukiiwasha inapandisha sauti bila kukuambia. Kwa hivyo kwanza nimezisawazisha zote nne zilie kwa nguvu moja, sauti ile ile ya Mama Phyllis, ubeti ule ule. Ya bure ndiyo iliyonishangaza, ina utamu wake. Lakini nikiiweka kwenye traki nyingi kompyuta inagoma. Nilimwandikia yule jamaa nimweleze. Nikamwambia niko Nyeri. Sijui kwa nini nilimwambia.

Basi. Nne ziko tayari. Tatizo ni mkono wangu. Nikibofya, mkono unajua umebofya nini, na ukijua, sikio linasikia bei. Nikafumba macho. Nikazungusha kipanya ovyo. Bado mkono unajua.

Jaribio la namna hii ni la watu wawili. Mmoja ageukie ukuta asikilize, mwingine abofye na kunyamaza. Miaka tisa mimi niligeukia ukuta, Kioko akabofya.

Nimepitia majina kwenye simu kuanzia A. Nani nitampigia nimwambie njoo unibofyee? Dada yangu yuko Vihiga. Wapiga gitaa wote watampigia Kioko kwanza waulize kuna nini. Wateja ni wateja. Mwenye nyumba – hapana! Mtu wa maji. Mtu wa gesi.

Nimefika Z.


Jumatatu, 11 Novemba

Nimefanya kitu ambacho si kawaida yangu. Nimeshuka mpaka chini, duka la mapazia na manukato, kwa Fowsia. Tumesalimiana miaka minne kwenye ngazi na sijawahi kuketi kwake hata siku moja. Ni mtu wa Nanyuki, mumewe Abdisalan ni mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, leo yuko Isiolo, kesho sijui wapi.

Nilijifanya natafuta pazia. Nikashika moja, nikashika lingine. Halafu nikasema tu: una dakika kidogo unisaidie kitu huko juu? Si kigumu.

Alinitazama. Labda alifikiri ni kabati la kusukuma. Akafunga duka.

"Nifanye nini hasa?"

"Bonyeza namba yoyote, moja mpaka nne. Usiniambie ni ipi. Andika tu."

"Na wewe?"

"Mimi nageukia ukuta."

"Kama mtoto wa shule aliyekosa!" Akacheka mpaka akashika meza.

Ikabidi nimweleze. Kwamba zamani muziki ulirekodiwa kwenye kanda, na kanda ilikuwa ikiichafua sauti kidogo, inaipunguza makali, watu wakaizoea hivyo. Kompyuta inarekodi safi kupita kiasi. Sasa tunanunua programu ya kuichafua tena.

"Mnanunua uchafu?"

"Tunanunua."

"Pesa ngapi?"

Nikamtajia ile ya kijivu. Akashika kichwa. "Wallahi hiyo ni mbuzi wanne! Na hawanyi wala hawali!"

Jaribio lenyewe halikufaulu. Akipenda anaguna "mmm", akichoka anapumua, na mimi nasikiliza miguno yake badala ya wimbo. Nikamwambia haidhuru. Akasema atarudi Jumatano, biashara yenyewe imelala, na ameapa hataguna.

Amesahau kalamu yake hapa. Sijairudisha.


Jumatano, 13 Novemba

Alikuja na chai ya tangawizi kwenye chupa. Akajifunga mdomo kwa ncha ya mtandio wake ili asigune. Kwa uzito kabisa!

Niligeukia ukuta. Nikawa nasema tu: hii ndiyo. Hapana. Hii hapana. Hii ndiyo. Tulirudia mpaka nikaishiwa na mate. Halafu akanisomea alichoandika.

Niliyoichagua tena na tena ni ya reeli mbili. Ile ya dola ishirini na tisa, ya saa ya uongo.

Ya kijivu ilikuwa ya tatu.

Nikamwambia tuanze upya, nikabadilisha wimbo, nikachukua ubeti ambao naujua kama njia ya nyumbani. Matokeo yale yale. Mara moja hata nilisema "hii inanikera," na ilikuwa ya kijivu.

Niliketi chini. Miaka tisa nimewaambia watu kwamba sauti ile naitambua hata nikiwa usingizini. Niliapa mbele ya wateja. Kioko alikuwa akinibofyea na mimi nachagua ya kijivu kila mara, kila mara. Sasa najiuliza nilikuwa nachagua nini.

Fowsia akaondoa mtandio mdomoni. Hakuuliza kuhusu plagini. Aliuliza: "Yule mwanaume mrefu mliyekuwa naye. Amehama?"

"Tangu Aprili."

"Nilifikiri amesafiri. Nikasema, haya, tuko wawili, wake wa watu wa safari." Akamimina chai. Akasema Abdisalan akikaa sana sokoni, yeye amejifunza kupika kidogo, sufuria ndogo, isije ikamcheka.

Nikamwambia mimi bado napika ya wawili.

"Basi ya pili ilete chini," akasema. "Kama ni mboga na ugali, abaayo, nitakula."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Niliuliza.


Alhamisi, 14 Novemba

Mama Phyllis amepiga. Simu yake ilikuwa na kelele za watu wa kituo cha kununulia majani chai. Akasema hospitali wamempigia, nafasi imepatikana, hawangoji Januari. Ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tano.

"Kwa hivyo hiyo wimbo ya saba tuimbe haraka," akasema. "Kabla waniguse shingo."

Nilisema sawa, Mama. Nilisema usiwe na wasiwasi. Nikakata, nikaketi.

Halafu nikanunua. Ya reeli mbili, kwa kadi ya M-Pesa. Wameongeza kodi mwishoni, si neno. Kabla ya kumaliza kukawa na mstari: jina la mwenye leseni.

Nikaandika Maurine Khavere. Herufi moja moja.


Jumapili, 17 Novemba

Siku tatu za miksi. Nimevaa sweta mbili na soksi za sufu, spika zimekuwa za moto kuliko mimi. Vitufe vya Kioko nimevitumia kama ramani, majaribio hayajaisha – lakini nimejikuta nabadilisha. Gitaa nimelileta mbele kidogo. Besi nimeipunguza. Kanda kidogo kuliko yeye, kila mahali.

Isipokuwa kwenye sauti yake. Pale nimeuacha ule uyumbaji wote, na nikaongeza kidogo. Ningeweza kumwanika. Nyimbo ni za Mama Phyllis, si uwanja wa vita.

Yule jamaa wa plagini ya bure amejibu! Anauliza: Nyeri ni wapi, na je, kuna baridi kama huku kwake? Nimemjibu kuna baridi.

Sahani ya pili niliishusha Ijumaa na jana. Leo Fowsia hakufungua. Nimekula yangu nimesimama.


Jumanne, 19 Novemba

Mama Phyllis amekuja kusikiliza. Amepanda ngazi zote bila kupumzika, mimi mwenyewe hupumzika ghorofa ya pili. Leso ya kijani shingoni. Akakaa kwenye kiti cha Kioko – nilikuwa nimeondoa nguo – akaweka mkoba magotini, akafumba macho.

Nikampigia zote sita mfululizo. Mikono tu ilikuwa inatembea kidogo juu ya mkoba, kama anachuma.

Mwisho: "Hiyo ni mimi." Halafu akafungua jicho moja. "Lakini iko tofauti kidogo. Ama ni mimi nasikia vibaya?"

"Kidogo, Mama. Ile mashine ya kwanza haiko tena. Nimetumia nyingine."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya."

"Basi wachana nayo. Mimi pia niko tofauti kidogo." Akagusa leso. "Na bwana yako ako wapi? Nikikuja ati ako safari. Nikipiga simu, safari. Hiyo ni safari gani haina kurudi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nimelitumia tangu Aprili, limekuwa laini kama sabuni ya mwisho. Leo halikutoka.

"Aliniacha, Mama."

Alitazama hedifoni kwenye msumari. Nilifikiri atasema pole, au tuombe. Akasema: "Na wimbo ya saba nani ataimba chini?"

"Tutatafuta mtu. Kuna kijana wa kwaya –"

"Kijana sijui, mimi niimbe na yeye hiyo wimbo ya mvua? Akuje Jumamosi asome maneno kwa karatasi? Hapana. Wewe uko na mdomo."

"Mama, mimi ni mtu wa upande huu wa kioo, wa kurekodi."

"Kwani kioo inazuia mtu kuimba?"

Nikajaribu kucheka. Hakucheka. Akasema yeye Jumatatu analala kwa kitanda na hajui ataamka na sauti gani, na haogopi kama mimi ninavyoogopa hiyo kioo. Halafu akanishika mkono. Kiganja chake kigumu, vidole vimepasuka kwa majani. Akanishika muda mrefu. Sijashikwa mkono na mtu tangu – sijui.

Nimesema nitajaribu.


Alhamisi, 21 Novemba

Wimbo wa saba ni wa mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Watu wanatoka nje na mabeseni, na sufuria, bibi mmoja anatoka na kofia ya marehemu mumewe kuchotea maji. Ni wa furaha. Unaenda mbio. Na ni wa Kikuyu tupu, na mimi ni Mmaragoli wa Vihiga. Miaka yote hii Nyeri naelewa kila kitu, lakini kutamka!

Fowsia amezaliwa Nanyuki, Kikuyu chake ni cha sokoni, safi kabisa. Amekaa dukani kwake kati ya mapazia, ananisahihisha neno kwa neno huku anapima kitambaa cha mteja. Mteja naye akaingilia. Nimeimba mbele ya mteja wa mapazia! Alisema nipunguze haraka pale kwa kofia.

Nikapanda juu, nikajirekodi peke yangu. Nikasikiliza. Sauti yangu haijui ikae wapi. Iko sawa kwa noti, lakini inaomba ruhusa.

Kipanya kilienda chenyewe mpaka kwenye kitufe cha kuyumba. Nikakipandisha. Ikawa afadhali – ikawa nzuri, hata. Nikaelewa kabisa alivyofanya. Unapandisha kidogo, halafu kidogo.

Nimekishusha hadi sifuri. Sijui kama ni ushujaa au ujinga. Jumamosi nitaona.

Simu kimya. Tiki mbili za buluu bado zinanitazama.


Jumamosi, 23 Novemba

Naandika nikiwa chumba cha ndani, kitabu hiki kiko kwenye stendi ya kuwekea maneno ya wimbo. Tumepumzika. Mama Phyllis anakunywa maji ya moto na asali hapa kando yangu, anapuliza, ananung'unika ubeti wa pili. Fowsia yuko upande ule wa kioo, kwenye kiti changu. Yeye ndiye anayebonyeza kitufe cha kurekodi. Abdisalan amerudi jana na Fowsia alipaswa kuwa nyumbani, lakini amesema mume wake anajua jikoni ni wapi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilipofika kwa kofia nikaacha. Mara ya pili Mama alikohoa, akakasirikia shingo yake, akaipiga kofi kidogo kama mbuzi mkaidi. Mara ya tatu tulikuwa tunaenda. Tulikuwa tunaenda kweli! Sauti yake juu, yangu chini, na nilianza kusahau kwamba nasikilizwa.

Ndipo Fowsia akasimamisha. Alikuwa ameinua simu yangu nyuma ya kioo. Inawaka.

"Ni mtu anaitwa Kioko," akasema kwenye maiki ya kuongelea. "Nimekata kurekodi kwa sababu nilishtuka. Pole! Nikupokelee?"

Tangu Aprili. Leo. Sasa hivi.

Ikalia mpaka ikaisha. Mama Phyllis akaniangalia, akaniambia nenda uchukue, yeye atangoja, maji yake bado ni ya moto. Nikamwambia Mama, nikiichukua sitaweza kuimba. Na leo ndiyo siku. Akaitikia kwa kichwa, akaketi. Ndipo nilipochukua kitabu hiki ili mikono iwe na kazi.

Sijui anataka nini. Labda anaomba msamaha wa leseni. Labda anataka hedifoni. Labda ana wimbo ambao haukai na anataka nimsikilizie.

Inalia tena. Fowsia ameinua tena, nyusi juu.

Nimewaza kitu sasa hivi. Miaka tisa, na Kioko hajawahi kunisikia nikiimba. Hata jikoni.

Nimemwambia Fowsia aipokee. Aseme niko ndani, nafanya kazi, siwezi kutoka. Kama Kioko anataka kungoja, asikate – Fowsia aiweke simu mezani karibu na spika, aiache hapo.

Namwona anaongea. Sisikii, kioo ni kinene. Anatikisa kichwa. Anasikiliza. Sasa ameilaza simu mezani, uso juu, ameisogeza kwa kidole mpaka karibu kabisa na spika. Ameinamia maiki.

"Amesema atangoja."

Mama Phyllis ameweka kikombe chini. Amefungua leso shingoni, ameitundika kwenye stendi juu ya kitabu hiki, nimeisogeza ili niandike mstari huu. Taa nyekundu imewaka. Ameshavuta pumzi.